Vakyumu ya vumbi na maji: moja nimeshaua, nisaidieni nisiue ya pili

#1 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

Wadau, hamjambo.

Niko Lanet, nyumba ya vyumba vitatu, kapeti sebuleni na chumba cha watoto. Anayeijua Nakuru haelezwi habari za vumbi. Hata jina la mji husemwa lilitoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Mwezi wa kwanza na wa pili ukipangusa meza asubuhi, saa saba mchana mtoto anaandika jina lake juu yake kwa kidole. Mvua ikija ni balaa jingine: mfereji ulio nyuma ya jikoni unazidiwa, maji yanapita chini ya mlango mpaka sebuleni. Ndiyo maana nikataka mashine moja ya kuvuta vumbi na maji.

Mwaka jana niliagiza moja mtandaoni kwa shilingi 8,500. Lita 15, kibandiko kikubwa chekundu kimeandikwa wati 3000. Miezi saba ilifanya kazi bila neno. Halafu jioni moja navuta makombo tu chini ya meza, ikaanza kulia kama mbuzi aliyeshikwa masikio, nikanusa kitu kinaungua, ikanyamaza. Nikampigia muuzaji. Akaniambia waranti haihusu uharibifu wa maji. Mashine ya kuvuta maji!

Safari hii nimetenga 20,000, nikibanwa sana 22,000. Kitinda mimba wetu anakohoa vumbi likizidi, kwa hivyo fagio kwenye kapeti mama watoto amelipiga marufuku. Nataka kitu cha miaka mitano na kuendelea. Pipa la plastiki au la chuma? Wati ngapi? Na spea zipi mtu anazipata bila kupanda gari la Nairobi?

#2 · Jogoo_la_Shamba · Bungoma

Elfu ishirini ya kuvuta vumbi? Fagio ni shilingi mia, tambara ni fulana iliyochakaa, na kapeti unaianika kwenye kamba unaichapa kwa fimbo. Bibi yangu alifikisha miaka tisini na hakuwahi kuona hiyo mashine.

#3 · Mama_Pacha · Kakamega

@Jogoo, bibi yako alikuwa na sakafu iliyosiribwa kwa samadi, hakuwa na kapeti. Hebu waache watu waulize.

#4 · FundiKondele · Kisumu

Ndugu wa Lanet, pole sana. Kabla watu hawajaanza kukutajia makampuni, nijibu mambo mawili. Maji ya jikoni uliyokuwa ukivuta yalikuwa na sabuni? Na kabla ya kuvuta maji, ile filta ya karatasi uliitoa ukaweka ya sifongo?

#5 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

Sabuni ilikuwapo. Mama watoto humwaga sabuni ya unga kwanza ili harufu ya mfereji iishe, mimi navuta pamoja na povu lake. Sifongo iliyokuja kwenye boksi sikujua ni ya nini. Watoto waliichukua wakawa wanaogea.

#6 · FundiKondele · Kisumu

Nimecheka peke yangu hapa kibandani mpaka mteja ameniangalia vibaya.

Sikiliza. Chini ya kichwa cha hiyo mashine kuna kikapu kidogo, ndani yake kuna boya. Maji yakipanda kwenye pipa yanalibeba boya mpaka linaziba tundu la kuvutia. Hapo mlio hupanda ghafla na mpira (ile bomba laini ya kuvutia) hauvuti tena, maana yake zima, mwaga, anza upya. Sasa povu halina nguvu ya kubeba boya. Linapita pembeni taratibu mpaka kwenye feni, kutoka hapo linafika kwenye beringi ya chini ya mota, ile pete ya mipira midogo inayoiwezesha kuzunguka. Maji ya sabuni yanaosha grisi, kutu inaanza. Mashine haifi siku hiyo. Inakufa wiki au miezi baadaye ukiwa unavuta makombo ya mkate, na wewe unalaumu mkate. Ule mlio wa mbuzi ni beringi.

Katika mashine kumi za vumbi na maji zinazoletwa hapa kwangu, zilizochoka kwa kazi halali ni mbili au tatu. Nyingine zote ni maji yaliyofika mahali pasipostahili, au filta iliyozibwa na vumbi mpaka mota ikapika. Kwa hiyo ukisema unataka inayodumu, nusu ya huo udumu unanunua dukani, nusu iko mkononi mwako.

Povu likiwapo, mwagia maji safi mengi litulie kwanza, au tafuta dawa ya kuua povu kwa hawa wanaoosha makapeti, wanayo. Kidogo tu ndani ya pipa kabla ya kuanza.

Sasa hiyo wati 3000. Chukua waya wa mashine iliyokufa, uupanguse, usome maandishi yaliyogandamizwa kwenye mpira wake. Kuna namba kama 2 x 0.75 au 2 x 1.0. Niletee.

#7 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

2 x 0.75 mm². Nimetumia tochi ya simu, maandishi yenyewe madogo kama ya Biblia ya mfukoni.

#8 · FundiKondele · Kisumu

Haya. Waya wa 0.75 kazi yake ni kubeba ampea 6. Stima yetu ni volti 240. Sita mara 240 ni wati 1440. Mashine ya wati 3000 kwelikweli ingetaka ampea 12 na nusu, na huo waya ungelainika kama chapati ya moto wiki ya kwanza. Aliyetengeneza alijua mashine yake ni ya 1200 au 1300, akaweka waya wa kuitosha. Aliyechapisha kibandiko ni mtu mwingine kabisa.

Na 1200 wala si mbaya. Huko Ulaya vakyumu za vumbi za nyumbani haziruhusiwi kuvuka wati 900 tangu Septemba 2017, na nyumba zao ni safi. Wati ni stima utakayolipia: wati 1200 kwa nusu saa ni uniti 0.6 ya tokeni zako. Nguvu ya kuvuta huandikwa kPa au mbar (200 mbar ni sawa na 20 kPa), na pembeni yake kiasi cha hewa kinachopita kwa sekunde. Kwa mashine ya nyumbani ya mota moja, kPa 18 hadi 22 inatosha. Boksi ambalo halina hata moja ya namba hizo, lina wati tu na picha ya mzungu anayetabasamu, lirudishe kwenye rafu.

Jambo jingine, na hili ndilo ningeliandika kwa rangi nyekundu. Ulizia mota ambayo upepo wake wa kujipoza ni tofauti na upepo inaouvuta. Vakyumu za vumbi tupu, upepo ule ule uliopita kwenye mfuko ndio unaopoza mota. Kwa maji hiyo ni hatari, unyevu wote unapita juu ya waya. Muuza duka pengine hajui, kwa hiyo tazama mwenyewe: kwenye kichwa lazima uone matundu ya aina mbili, makubwa ya kutolea upepo uliovutwa, na mengine madogo ya mota kuvutia hewa ya kujipoza. Na usije ukayafunika hayo madogo kwa taulo kwa sababu kelele inamsumbua mtoto. Nimeletewa moja hivyo, taulo limeshikana na plastiki.

Kaboni nazo. Ni vipande viwili vinavyosugua shaba inayozunguka ndani ya mota, na vimetengenezwa viishe. Zikibaki fupi utaona cheche nyingi na mashine inawaka na kukata. Kubadilisha kaboni ni mia chache na nusu saa ya fundi. Watu wanatupa mashine nzima kwa ajili ya kaboni, mimi naziokota.

#9 · Mama_Pacha · Kakamega

Naongea kama mtumiaji, fundi atanisahihisha.

Nina pacha wa kiume wa miaka tisa, na ninyi mnaujua udongo mwekundu wa huku na mvua ya kila alasiri. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya pipa la chuma, lita 30, inang'aa kama sufuria ya harusi. Ukuta wa pipa kweli haukushika kutu. Lakini misumari iliyoshika magurudumu na klipu ilikuwa chuma cha kawaida. Mwaka wa pili klipu moja ikang'oka, kichwa kikawa hakikai sawa, hewa inaingia pembeni, haivuti. Fundi akaunga kwa waya. Ikaanguka kwenye ngazi ikabonyea mdomoni, raba ya kichwa haikukaa tena. Kwisha.

Lita 30 nilizipendea nini sijui. Zikijaa ni kilo 30 bila mashine yenyewe. Mwanamke peke yake nyumbani unaibebaje mpaka nje? Kama utachukua kubwa, hakikisha ina kizibo cha kumwagia chini ya pipa. Kama haina, chukua ndogo.

Tangu 2019 natumia Kärcher ya manjano, WD 3, pipa la plastiki la lita 17, wati 1000. Haing'ai na inapiga kelele. Nilichoipendea ni filta yake, ile ya duara: vumbi au maji inabaki pale pale, mimi natoa mfuko tu kabla ya kuvuta maji. Hakuna sifongo ya watoto kuogea. Nimeshabadilisha filta mara tatu na mpira mara moja, ulipasuka pale unapoingia kwenye mashine, kwa sababu mimi huiburuta kwa kuvuta mpira. Msiburute kwa mpira.

Na jambo ambalo mama yangu angelisema: baada ya maji, haijakauka haifungwi. Mwaga, suuza pipa, iwashe tupu dakika mbili tatu ili mpira ukauke ndani, halafu kichwa kilale kando usiku kucha. Nilipofunga mbichi mara moja tu, wiki iliyofuata nikiiwasha sebule inanuka soksi za darasa la saba.

#10 · Jogoo_la_Shamba · Bungoma

Na mende je? Nasikia wanakaa kwenye mpira.

#11 · Mama_Pacha · Kakamega

Wanakaa ukiacha makombo. Kumbe unasoma uzi!

#12 · SamiSami · Kisumu

Sisi wa kando ya ziwa tuna matumizi ambayo hamjayataja. Wale wadudu wa ziwa, sami. Siku wakitoka majini utaona kama moshi unakuja kutoka ziwani, jioni wamejaa kwenye taa, asubuhi dirishani kuna rundo lao kama majani ya chai. Ukiwafagia wanavunjika na kuacha doa la kijani. Mashine inawavuta wakavu wazima wazima. Ila mwaga siku hiyo hiyo! Niliwaacha siku mbili kwenye pipa na joto hili letu, jirani akauliza kama nimekausha omena ndani ya nyumba.

#13 · Shangazi_wa_Kitale · Kitale

Hamjambo wanangu. Kaka yangu anakuja Desemba kutoka Marekani na amesema ataniletea moja kubwa, kule zinauzwa bei rahisi. Imeandikwa nguvu ya farasi 6. Ni nzuri?

#14 · MtuWaNguzo · Webuye

Shangazi, shikamoo. Mwambie asiibebe, alete viatu.

Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240. Ukiichomeka ukutani utasikia ikiruka kwa nguvu kama sekunde mbili, basi. Mizunguko 50 au 60 haiisumbui mota ya aina hii, volti ndizo zinazoiua. Kuitumia hapa unahitaji transfoma ya kushusha stima, na kwa mashine ya ampea 12 ni transfoma ya wati 2000 hivi, chuma kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, utakiburuta nyuma yako kama mbuzi wa mahari.

Hiyo farasi 6 nayo ni ya kibandiko. Nguvu ya farasi moja ni wati 746. Soketi ya kawaida ya nyumba ya kule ni ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1800, hata farasi mbili na nusu haifiki. Farasi wengine wanne wanakula wapi?

Akipitia Uingereza ni afadhali, kule plagi na volti ni kama zetu.

#15 · Shangazi_wa_Kitale · Kitale

Marahaba mwanangu. Nimempigia. Amesema basi ataleta viatu.

#16 · MtuWaNguzo · Webuye

Hapo kwa Uingereza niongeze kitu, maana mitumba ya kule imejaa. Wengi hununua ile nyekundu yenye uso na macho, Henry, wakidhani inavuta maji. Henry ni wa vumbi tu. Mwenzake wa kijani, George, ndiye wa maji, na huyo hata hunyunyiza maji ya sabuni na kuyavuta tena. Wa bluu, Charles, ni wa vumbi na maji. Nilimwona mtu akimtia Henry kwenye maji ya mafuriko, uso unatabasamu mpaka dakika ya mwisho.

#17 · Kijana_wa_Makochi · Kisumu

Hilo la George ni muhimu. Wateja wangu wengi wananunua mashine ya vumbi na maji wakitegemea itawaoshea makochi. Haioshi. Inavuta tu maji yaliyopo. Ukitaka kuosha kochi utanyunyiza mwenyewe, usugue kwa brashi, ndipo uvute, na kochi litachukua siku nzima kukauka ikiwa mashine yako haina nguvu. Mimi kazini natumia ya mota tatu. Msinunue hiyo kwa nyumba, kelele yake ni ya ndege na kwa soketi moja yenye ekstensheni nyembamba utayeyusha plagi.

Kama kuna mtu Kisumu anataka makochi yaoshwe anitumie ujumbe. Samahani kwa tangazo.

#18 · Bibi_wa_58 · Nakuru

Mleta uzi, mimi ni jirani yako, mtaa wa Section 58. Mume wangu ana pumu kwa hivyo naomba niguse hilo la mtoto kukohoa, naona wengi wameliruka.

Vumbi la huku kwetu si mchanga. Ni laini, la volkano, ukilisugua kati ya vidole linateleza kama unga wa mandazi. Filta ya kitambaa inayokuja na mashine za bei nafuu inashika nywele, makombo na mchanga, lakini hilo laini linapita na kurudi chumbani kupitia nyuma. Nyumba inaonekana safi na mtoto anakohoa zaidi. Jaribu hivi: asubuhi jua likiingia dirishani kama mstari, iwashe mashine uitazame hewa inayotoka mbele ya huo mwanga. Mimi nilipofanya hivyo niliona wingu. Mchezo wa mwaka mzima, nilikuwa nahamisha vumbi kutoka sakafuni hadi mapafuni.

Suluhisho langu lilikuwa mambo mawili: mfuko wa kitambaa chenye manyoya laini (fleece) ndani ya pipa, si wa karatasi, na filta ya HEPA, ile ya kushika vumbi laini sana, inayoingia kwenye mashine yenyewe. Ya daraja la H13, ikiwa halisi, inashika asilimia 99.95 hata ya zile chembe ngumu zaidi kushikika. Ukishaweka mfuko, filta inakaa muda mrefu bila kuziba. Kwa hiyo dukani swali la kwanza si bei ya mashine, ni bei ya mfuko na kama wiki ijayo wataendelea kuwa nao. Na filta isikung'utwe ndani ya nyumba, wala mwenye kifua asiikung'ute.

#19 · SamiSami · Kisumu

Mifuko ya nini? Weka maji lita mbili kwenye pipa, vumbi linazama. Nimeona video.

#20 · FundiKondele · Kisumu

Nimeona hizo video, na nimeona mashine zake pia. Vumbi zito linazama, kweli. Hilo laini analosema Bibi wa 58 linasafiri ndani ya povu za hewa, linatoka upande wa pili kavu kabisa. Zipo mashine zilizoundwa kwa maji hivyo, lakini pipa la kawaida likitikisika maji yanaruka kwenye filta, vumbi na unyevu vinakuwa uji, uji unakauka unakuwa plasta. Usinichoshee mikono.

Aliye na filta inayooshwa aioshe kwa maji matupu na aikaushe kivulini saa 24. Mbichi haikubali vumbi.

#21 · Jogoo_la_Shamba · Bungoma

Naulizia rafiki. Majivu ya jiko inaweza kuvuta?

#22 · FundiKondele · Kisumu

Mwambie huyo rafiki asivute. Jivu linaonekana limepoa na ndani yake kuna kaa lenye moto. Upepo wa mashine ni kama kulipepea. Mfuko unashika, plastiki inafuata. Hata likiwa baridi kabisa ni laini mno, linaziba filta dakika mbili. Saruji na vumbi la jipsamu hivyo hivyo. Na petroli au mafuta ya taa yaliyomwagika yasikaribiwe kabisa, zile kaboni nilizotaja hutoa cheche muda wote zikizunguka.

#23 · MtuWaNguzo · Webuye

Na kwa wanaovuta maji ya mafuriko, maana masika ya 2024 nilipigiwa simu nyingi za namna hiyo: kama maji yamefikia soketi, zima stima kwenye boksi kwanza. Ndiyo, najua mashine nayo inataka stima. Basi fungua mlango maji yapungue kwa ndoo na fagio, uvute mabaki. Ekstensheni iwe juu ya meza, isilale sakafuni. Kama boksi lako halina ile swichi ya usalama ya milliampea 30 inayokata stima ikivuja kidogo, hiyo ndiyo ya kununua kabla ya vakyumu.

Stima hafifu ya jioni haiui mota hizi, inapunguza tu kuvuta. Zenye kidude cha elektroniki cha kurekebisha kasi ndizo hulalamika. Kwa uimara chagua ya swichi ya kawaida, ya kubonyeza.

#24 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

Nimesoma yote mara mbili, mama watoto mara tatu. Jumamosi naenda kuangalia. Fundi, hiyo iliyokufa nikutumie? Iko stoo.

#25 · FundiKondele · Kisumu

Itume kwa matatu, nikuambie ilikufa na nini. Na ukifika dukani igeuze kichwa chini juu, uguse boya kwa kidole. Lipande na kushuka lenyewe.

#26 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

Wadau, mrejesho. Wiki mbili zimepita.

Nilienda na mtungi wa maji wa lita tano na beseni dogo la plastiki. Duka la kwanza, Kenyatta Avenue, kijana akanitazama akasema, "Mzee, hapa si bafuni." Sikubishana. Ila kabla ya kutoka niligeuza kichwa cha mashine waliyoiweka mbele, mpya kabisa, nikagusa boya. Halikusogea. Lilikuwa limeshikwa na uzi mwembamba wa plastiki ulioachwa na kiwanda, kama ule unaobaki kwenye chupa ya soda. Mtu angeinunua, angevuta maji siku ya kwanza, na boya lisingepanda kamwe. Nilimwonyesha kijana. Alikata uzi kwa kucha, akanyamaza.

Duka la pili mwenye duka mwenyewe alikuwapo, mama wa makamo, akaniambia tuzunguke uani. Akamwaga maji yangu kwenye simenti, akavuta yeye mwenyewe. Nikaziba mdomo wa mpira kwa kiganja: mlio ukapanda, kiganja kikashikwa, na pembeni ya kichwa hakuna hewa iliyopuliza. Nikasoma waya: 2 x 1.0, yaani ampea 10, na kibandiko kinasema 1200, angalau hawa hawakudanganya. kPa 18. Pipa la plastiki lita 20, kizibo cha kumwagia kiko, matundu ya aina mbili yako. Jina la kampuni sitaji, nisije nikaambiwa nimelipwa.

Nilimuuliza mifuko, akafungua droo, ipo, na filta shilingi 900. Nikamuuliza waranti inasemaje kuhusu maji. Akacheka, kisha akaandika kwa kalamu nyuma ya risiti "vumbi na maji", akapiga muhuri juu yake. Sijui mbele ya sheria ina uzito gani, lakini nimeipiga picha. Jumla 18,900, mifuko mitano na filta ya ziada ndani yake.

Bibi wa 58, jaribio la jua nimelifanya. Bila mfuko niliona vumbi. Na mfuko, kidogo sana, na HEPA ya mashine hii yule mama wa dukani amesema anaiagiza. Kelele ni nyingi, mtoto anakimbilia chumbani, lakini usiku wa jana amelala bila kukohoa. Siku moja si ushahidi, najua.

Sifongo imefichwa juu ya kabati.

#27 · Jogoo_la_Shamba · Bungoma

Hilo duka liko upande gani? Rafiki yangu anauliza.

#28 · FundiKondele · Kisumu

Marehemu amefika, nimemfungua.

Beringi ya chini, 608, namba ile ile ya viatu vya magurudumu, imeshika kutu mpaka mipira yake haizunguki. Kwenye feni kuna unga mweupe wa sabuni umegandamana kama ukoko wa ugali, nimeutoa kwa bisibisi. Beringi ilipokwama mota ikaendelea kulazimisha, waya zikaungua. Nikakwaruza waya moja kwa wembe: juu rangi ya shaba, chini nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa rangi. Ingekuwa shaba halisi ningejaribu kuisuka upya. Hii gharama yake inazidi mashine.

Kaboni zake bado ndefu, karibu mpya, nimezitoa nitazitumia. Swichi pia. Mpira na mdomo wa kochi ni wazima, na kipenyo chake ni milimita 35. Pima wa hiyo mpya. Kama ni sawa naviweka kwenye matatu ya saa nane, uvichukue stejini jioni.

#29 · Vumbi_la_Lanet · Nakuru

35. Viweke.